Mgeni Penye Maji: Maneno juu ya Habari za Ziwa Duluti na Ziwa Gopło

Miongoni mwa aina za nathari ambazo Waswahili walianza kuziandika mapema, habari za safari zina mahali pake pa heshima. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha mjini Göttingen kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna habari ya Salim bin Abakari, Mngazija, aliyefuatana na bwana wake Mdachi, Theodor Bumiller, hata Urusi na Siberia mwaka 1896. Atakayeisoma habari hiyo leo ataona sifa moja ambayo imepungua sana katika maandishi ya siku zetu, nayo ni kwamba mwandishi hana haraka ya kustaajabu. Aeleza watu walavyo, wavaavyo, na wanavyoishi na baridi. Kilicho kigeni kwake hukipima kwa kile akijuacho cha kwao. Kisha ashika njia. Hamwambii msomaji kwamba nchi ni nzuri mno, akamwacha amesimama mlangoni.

Nimelifikiri jambo hili kwa sababu ya kazi. Walimu wa shule za Nachingwea na Ruangwa, ambao huwasomesha nathari nyakati za likizo, waliombwa kila mmoja aandike habari ya kutembelea mahali penye maji na historia. Nilitazamia kusoma habari za Mto Mbwemkuru na Mto Lukuledi, za visima na mabwawa, za vijito ambavyo masika huvuma na kiangazi huwa njia ya mchanga. Za namna hiyo nilizipata chache. Walio wengi waliandika habari za maziwa ya mbali. Na insha iliyosifiwa kuliko zote, iliyosomwa mbele ya wenzake na kupigiwa makofi, ilikuwa juu ya Ziwa Duluti, karibu na Arusha, na makaburi ya Wapolandi yaliyo jirani yake huko Tengeru. Insha hiyo ndiyo nitakayoijadili, kwa kuwa ina wema na ubaya wa aina nzima. Jina la mwandishi si kitu cha kutajwa. Ni mwalimu hodari, na kosa lake ni la wengi.

Insha yaanza kwa kusema kwamba ziwa lina mandhari ya kuvutia. Maneno haya yamo katika ukurasa wa kwanza, yamo katika wa pili, na yanarudi mwishoni kama bawabu aliyesahau kwamba wageni wamekwisha kuondoka. Nauliza: yavuta nani, na kumpeleka wapi? Sifa ya jumla ni mkopo. Msomaji aitoa imani yake akitazamia kulipwa kwa kitu cha kuonekana. Na vitu vya kuonekana Duluti si haba. Maji yamekaa ndani ya shimo la volkeno ya kale, chini ya Mlima Meru. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala unaotoka, hata mtu hujiuliza maji hayo yalikuja kwa mlango gani. Msitu wa hifadhi umelizunguka ziwa, na mtembezi huzunguka pamoja nao, akiona maji kupitia matawi, akiyapoteza, akiyaona tena. Mambo hayo matatu, yakielezwa kwa utulivu, yangalitosha. Mwandishi aliyaona, maana yapo katika insha yake. Lakini ameyafunika kwa kivumishi.

Kisha twaambiwa kwamba ziwa lina kina cha mita mia saba. Mwandishi aliambiwa hivyo na kijana aliyewaongoza, na kijana hakutunga. Habari hiyo husimuliwa kila siku na hata kuchapwa. Wataalamu waliopima ziwa hilo walipokuwa wakichunguza matope ya chini yake walipata mita zipatazo tisa. Sisemi haya ili nimcheke mwongozaji. Watu waishio kando ya maji yasiyo na mlango wana haki ya kusema kwamba hayana mwisho, na kusema hivyo ni kusema kweli ya namna yake: kwamba maji hayo yameua, kwamba mtoto asiyachezee, kwamba hakuna aliyeteremka chini akarudi na habari. Tatizo laanza pale neno la hofu linapogeuzwa kuwa namba. Mita mia saba ni ngano iliyovaa nguo za hesabu. Haikubaliki kwa mpimaji, na kwa msikilizaji wa ngano imekwisha kupoteza utisho wake, maana kitu chenye kipimo, hata kiwe kikubwa namna gani, kina mwisho. Mwandishi angaliandika kwamba wenyeji husema ziwa halina chini, na kwamba wapimaji wamekuta mita tisa, angaliwatendea haki wote wawili, na tena angalitupa jambo la kufikiri: kina cha mita tisa kimewezaje kuzaa hofu isiyo na chini?

Juu ya Wapolandi insha ina sentensi mbili tu. Yasema kwamba waliishi hapo zamani za vita, na kwamba makaburi yao yametunzwa vizuri. Hapa ndipo upungufu unapokuwa mzito zaidi, kwa kuwa habari yenyewe ni mojawapo ya safari ndefu kabisa zilizopata kuishia katika nchi yetu.

Septemba 1, 1939 Ujerumani iliingia Polandi kutoka magharibi, na siku kumi na sita baadaye Urusi ya Kisovieti ikaingia kutoka mashariki. Tangu Februari 1940 hata Juni 1941 familia za mashariki ya nchi hiyo zilitolewa majumbani mwao kwa malaki, zikapakiwa katika mabehewa ya mizigo, zikapelekwa Siberia, Kazakhstan na kaskazini ya Urusi. Wajerumani walipoishambulia Urusi mwaka 1941, mapatano ya Julai mwaka huo yaliwafungulia mlango. Na mwaka 1942 jeshi lao, chini ya Jenerali Anders, likavuka Bahari ya Kaspi kuingia Uajemi, raia wakifuatana nalo: wanawake, wazee, mayatima. (Bahari ya Kaspi, tukumbuke, ni ziwa; na katika maziwa yote ya habari hii hilo ndilo lililookoa watu wengi zaidi, wala hakuna aliyeliita la kuvutia.) Kutoka Uajemi wengine walipelekwa Bara Hindi, wengine Meksiko na New Zealand, na wapatao elfu kumi na nane au zaidi wakaletwa Afrika. Katika Tanganyika kambi zilikuwa Tengeru, Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Katika Uganda, Masindi na Koja, na hii ya Koja ilikuwa ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Nyingine zilikuwa Kenya na katika Rhodesia zote mbili. Tengeru ndiyo iliyokuwa kubwa, yenye watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakikaa katika vibanda vya msonge vilivyoezekwa makuti na nyasi. Wakajiwekea shule, kanisa, hospitali na mashamba. Vita vilipokwisha wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, maana sehemu walikotoka ilikuwa imetiwa ndani ya mipaka ya Urusi. Wakatawanyika kidogo kidogo mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wengine Uingereza, wengine Kanada, wengine Australia. Waliobaki ni wale wa makaburini, mia na hamsini hivi, Wakatoliki kwa wingi, na pamoja nao Waorthodoksi na Wayahudi.

Msomaji wa Velten hana budi kutua hapa. Lugha ya Kiswahili ilikuwa na habari ya Siberia, iliyoandikwa na mtu aliyeiona kwa macho yake, miaka arobaini kabla wanawake hao hawajapelekwa huko kwa nguvu. Walipofika Tengeru walikuta watu ambao lugha yao ilikuwa imekwisha kulijua baridi walilotoka. Lakini hapakuwa na mtu wa kuziunganisha habari hizo mbili, na mpaka leo sijaona aliyeziunganisha. Vita vyenyewe vina utenzi wake, ule wa Shaaban Robert uitwao Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967 baada ya kufa kwake. Nathari ya waliotupwa na vita hivyo mlangoni petu bado hatunayo.

Nirudi kwa insha, maana wema wake sasa waonekana. Mwandishi asema kwamba penye makaburi alikutana na mzee, mgeni kutoka Polandi, aliyekuja kutafuta kaburi la ndugu wa mama yake. Nao walipokwenda pamoja hata ziwani, yule mzee alimsimulia kwamba kwao kuna ziwa ambamo mfalme mbaya aliliwa na panya. Mwandishi ameiandika kauli hiyo kama alivyoisikia. Kwa tendo hilo dogo amefanya zaidi ya waongozaji na vitabu vya watalii. Bahati mbaya ameiacha hapo hapo, kama kichekesho cha njiani, wala hakuuliza ni ziwa gani na mfalme gani.

Ziwa ni Gopło, katika nchi ya Kujawy, jembamba na refu, kiasi cha kilomita ishirini na tano, na mji wa Kruszwica uko kwenye ncha yake ya kaskazini. Mfalme ni Popiel. Kisa kilivyozoeleka ni kwamba mkewe mgeni alimshauri awaue baba zake wadogo ili asiwe na wa kumpinga. Akawaalika karamuni, akawanywesha sumu, akakataa kuwazika, miili ikatupwa. Kutoka katika maiti zile wakatoka panya wasiohesabika, wakavuka maji, wakapanda mnara aliokimbilia, wakamla yeye na mkewe. Mnara ungalipo, nao huitwa Mnara wa Panya. Mgeni hupanda ngazi, hutazama ziwa kutoka juu, na huteremka akiwa ameridhika kwamba ameona mahali pa tukio.

Lakini mnara ule ni wa ngome iliyojengwa katika karne ya 14, zamani za Mfalme Kazimierz aitwaye Mkuu, na ngome hiyo iliharibiwa na Waswidi katika karne ya 17. Popiel, kama aliishi, aliishi miaka mia tano kabla ya tofali la kwanza. Tena Kazimierz alikuwa wa mwisho kutawala Polandi katika ukoo wa Piast, ukoo ambao, kwa kisa hicho hicho, uliupokea utawala kutoka kwa Popiel. Basi mnara uliojengwa na mjukuu wa mshindi umepewa jina la kifo cha aliyeshindwa. Ngano haikukua juu ya mawe. Mawe yalipewa ngano baadaye, kwa kuwa watu hupenda kuonyesha kidole. Na panya nao ni wasafiri: kwenye Mto Rhine, mjini Bingen, kuna mnara mwingine ambao husemwa kwamba panya walimla humo askofu mkuu Hatto kwa ukatili wake wakati wa njaa. Mshairi Juliusz Słowacki alipoandika tamthilia ya Balladyna, iliyotoka mwaka 1839, aliweka mambo yake kando ya Gopło, wala hakuona haya kwamba ni ya kubuni. Huo ndio uungwana wa fasihi: yule abuniye kwa wazi hamdanganyi mtu.

Jambo lililonishughulisha zaidi, hata hivyo, halimo katika insha wala katika maneno ya yule mzee. Ni nusu ya kwanza ya kisa, ambayo watalii hawaipendi kwa kuwa haina panya. Yule mwandishi asiyejulikana, aitwaye Gallus kwa desturi, aliyeandika kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 12, asimulia kwamba Popiel alikuwa na karamu ya kunyoa wanawe nywele. Wakaja wageni wawili langoni, wakafukuzwa kwa matusi. Wakaenda nje ya mji hata kibandani kwa mkulima maskini, Piast, ambaye siku ile naye alikuwa na karamu yake ndogo ya kumnyoa mwanawe. Akawakaribisha. Kidogo alichokuwa nacho kikawa hakiishi, pombe ikifurika vyomboni. Na mtoto aliyenyolewa, Siemowit, ndiye aliyekuja kuutwaa utawala. Sumu ya baba wadogo haimo katika Gallus. Iliongezwa karne moja baadaye na Wincenty Kadłubek. Katika kisa cha kale kosa la mfalme ni moja tu, amemfukuza mgeni.

Nilikisimulia kisa hiki Ruangwa, mbele ya walimu na wazee wachache waliokuja kusikiliza. Karamu ya kunyoa mtoto haikuhitaji maelezo. Waislamu wa huko wana akika yao. Juu ya pombe isiyokwisha walicheka, na mmoja akasema kwamba muujiza huo ungalifaa uwe wa uji. Nilipofika mahali wageni walipofukuzwa, mzee aliyekaa mbele hakungoja mwisho. Akasema, kama mtu ajibuye salamu, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali yetu ni kisa kizima cha Piast katika maneno manne. Sisemi kwamba ilitoka huko wala kwamba kisa kilitoka kwetu. Kupona kwa mwenyeji kwa ajili ya mgeni ni jambo ambalo watu wengi waliolima ardhi ngumu wameligundua kila mmoja peke yake. Nasema tu kwamba msomaji wa Kiswahili anao ufunguo wa Gopło mfukoni mwake, na mwandishi wa insha alikuwa nao siku ile ziwani, asiutumie.

Angaliutumia, angalifikia swali ambalo ndilo kiini cha habari ya Duluti: huko Tengeru mwenyeji alikuwa nani, naye alipona?

Aliyewapokea Wapolandi kwa karatasi ni Serikali ya Mwingereza. Aliyewapokea kwa ardhi ni Mmeru. Nani alikata nyasi za kuezekea misonge ile? Nani aliwauzia ndizi, kwa bei gani, kwa maneno gani ya Kiswahili cha kubabaisha pande zote mbili? Watoto wa Kimeru walisema nini walipoona kwa mara ya kwanza Wazungu maskini, wanaolima kwa mikono yao na kulia makaburini? Jambo hilo lilikuwa kubwa katika nchi iliyokuwa imefundishwa kwamba Mzungu na umaskini havikai nyumba moja. Vitabu vya kumbukumbu vya Wapolandi waliokulia Tengeru vipo, na ziwa latajwa humo kwa mapenzi. Vya wenyeji sijavisikia katika lugha yetu.

Na kuna jambo ambalo halipasi kuachwa. Novemba 1951, kambi ya Tengeru ilipokuwa imekwisha kazi yake au ikielekea kwisha, Serikali ile ile iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao elfu tatu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili mahali pao wakae walowezi wa Kizungu wenye kufuga ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kueleza madai ya watu wake. Yeye na Earle Seaton walikiandika kisa hicho kwa Kiingereza katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Wapolandi hawakuwa na mkono katika jambo hilo. Wao wenyewe walikuwa watu waliotolewa majumbani mwao, na kama kuna ambao wangaliwaelewa Wameru ni wao. Lakini ni mlima mmoja, utawala mmoja, na muongo mmoja. Mgeni alijengewa, mwenyeji akabomolewa, na lango lilikuwa mikononi mwa mtu wa tatu. Insha isemayo kwamba makaburi yametunzwa vizuri, ikanyamaza juu ya nyumba zilizochomwa, haijasema uongo. Ila imetazama ziwa kutoka ukingo mmoja tu.

Pengine nitaambiwa kwamba namtaka mwalimu wa Nachingwea aandike kitabu cha historia pale alipoombwa insha. Sivyo. Namtaka ashike swali moja tu, la mwenyeji, na ashuke nalo hata nyumbani. Kwa maana ngano ya maji yenye kubeba historia ya nchi nzima tunayo, na si ya mbali na Nachingwea kama Duluti. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1960, ambao habari zao zilichapishwa na Gwassa na Iliffe mwaka 1968, walieleza kwamba Kinjikitile wa Ngarambe alichukuliwa na pepo akaingia katika kidimbwi cha mto. Ndugu zake wakamtafuta majini wasimpate. Kesho yake akatoka, nguo zake zikiwa kavu. Kwa maji yale vita vya mwaka 1905 vilienea hata kwa Wamwera, na misheni ya Nyangao ikateketea. Ebrahim Hussein alipoitunga Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, alitahadharisha kwamba mtu wake ni wa kuumbwa, hata herufi za jina akazitofautisha na zile za mtu wa historia. Hiyo ndiyo adabu niliyoitaja kwa Słowacki. Mshairi wa Gopło na mtunzi wa Ngarambe wamefanya jambo lile lile kwa maji: wamechukua ngano inayoaminiwa, wakaitia katika jukwaa ambapo yaweza kuulizwa maswali bila kuvunjiwa heshima.

Na juu ya wageni, Nachingwea haihitaji kuazima. Tangu katikati ya miaka ya 1960 palikuwa na kambi kubwa ya FRELIMO, ambamo wapiganaji wa Msumbiji walifunzwa chini ya Samora Machel hata nchi yao ikapata uhuru Juni 25, 1975. Kwa Wamsumbiji jina la Nachingwea ni kama Gopło lilivyo kwa Wapolandi, mahali pa asili, ambapo wengi hawajapaona na wote wamepasikia. Na kama Gopło, lina panya wake. Mwaka 1975, katika kambi hiyo hiyo, Uria Simango, aliyepata kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alilazimishwa kusoma mbele ya watu karatasi ndefu ya kukiri makosa. Baadaye aliuawa, yeye na wenzake, bila kesi ya mahakama. Wamsumbiji wenyewe wamekwisha kuanza kuyaandika hayo, kwa Kireno na kwa uchungu. Sisi wenyeji, tuliowapa ardhi, tuliochota maji ya mto mmoja nao, tumeandika nini? Katika insha zote nilizosoma kambi yatajwa mara moja, katika orodha, kati ya uwanja wa ndege na mashamba ya korosho.

Walimu wa Ruangwa walikuwa na hoja yao, nami naiandika kwa kuwa si dhaifu. Walisema kwamba wilaya yao ni changa, iliundwa mwaka 1995. Kwamba watu sasa wanazungumza juu ya kinywe na dhahabu na bei ya ufuta. Na kwamba mwanafunzi hapendi kuandika juu ya pale ambapo hakuna mgeni wa kupasifu. Neno hili la mwisho lilinikaa. Maana yake ni kwamba mahali hapawi mahali hata mtu wa mbali apaone. Salim bin Abakari alifanya kinyume: alikuwa ndiye mtu wa mbali, na kipimo alikuwa nacho kutoka nyumbani.

Kulikuwa na insha moja, ya mwalimu mwanamke wa Nachingwea, ambayo wenzake hawakuipigia makofi. Ni juu ya bwawa dogo kando ya tuta la reli ya zamani. Reli hiyo ilifika Nachingwea mwaka 1949 kwa ajili ya mpango wa karanga, ule ulioanzwa na Waingereza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea na kuachwa mwaka 1951, baada ya kumeza fedha zisizopungua pauni milioni 35. Mizigo iliyotazamiwa haikupatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Palipochimbwa udongo wa kujengea tuta pakabaki shimo, masika yakalijaza, na wanawake wakapata mahali pa kufulia. Mwandishi aeleza rangi ya maji mwezi wa Aprili na mwezi wa Oktoba. Aeleza ni nani huja asubuhi na nani huja jioni. Ataja jina ambalo watu hulipa tuta, na jinsi watoto wasiojua reli wanavyodhani ni ukuta wa mfalme. Kisha asimulia waliyomwambia wazee: kwamba chini ya bwawa limezama trekta la karanga, zito, lenye minyororo kama kifaru cha vita. Haongezi neno la kustaajabu. Ataja tu, kwa sentensi moja, kwamba katika mpango ule kweli yalitumika matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru, na aendelea. Alimwuliza mzee mmoja kina cha bwawa. Mzee alimjibu kwamba mwaka wa kiangazi kikubwa alilivuka kwa miguu, maji hayakumpita magoti. Ila trekta hakuliona, maana alikuwa na haraka.

Insha hiyo ina kurasa tatu, na makosa machache ya tahajia. Nimemwomba mwandishi ruhusa ya kuileta katika toleo lijalo la jarida hili, naye amekubali, kwa sharti kwamba kwanza arudi kwa yule mzee amuulize ni mwaka gani.